Maji Yapoteayo Njiani

Muhula uliopita nilimwambia mwenzangu mmoja bwenini ya kuwa nataka kuandika katika gazeti letu habari za mifereji ya kumwagilia mashamba. Alicheka sana. Akasema, "Wewe unasoma Kashai, ambako mtaa mmoja unaitwa Matopeni, na bado unalilia maji?" Sikumlaumu. Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na miji ya Tanzania ipatayo mvua kama hiyo ni michache. Mto Kanoni ukijaa, watu wa bondeni huhamisha vitanda. Mtu aliyekulia hapa huyaona maji kuwa ni adui wa kuzuiwa mlangoni, wala si mali ya kuhesabiwa.

Lakini wasomaji wengi wa gazeti hili si watu wa mjini. Sisi wa bweni tumetoka pande nyingi, na wazazi wetu wengi ni wakulima. Anayesafiri kutoka ziwani kuelekea magharibi huona mvua ikipungua kadiri anavyoliacha Ziwa Victoria nyuma, hata akafika mahali ambapo mvua ya mwaka haifiki nusu ya mvua ya Bukoba. Tena mvua ya mwaka mzima si mvua ya kila mwezi. Kati ya Juni na Agosti ni kiangazi, na mpunga uliokwisha kupandwa hauwezi kuambiwa ungoje mpaka Oktoba. Ndiyo sababu watu wa mabondeni walichimba mifereji, nayo ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu.

Maoni yangu ni haya, nayataja mapema ili msomaji ajue ninakokwenda. Mifereji yetu ya udongo yafaa kusakafiwa, yaani kuvikwa zege, au mawe, au udongo wa mfinyanzi, ili maji yasizame ardhini kabla ya kufika shambani. Lakini haifai kusakafiwa yote, wala haifai kusakafiwa kabla ya kupimwa, wala kabla ya kuulizwa wale wanaoishi kwa maji yanayovuja.

Nitaanza na kisa cha nyumbani, maana ndicho kilichonifumbua macho.

Baba yangu ana majaruba mawili mwishoni mwa mfereji, katika bonde moja la wilaya ya Muleba. Jina la bonde sitalitaja, kwa kuwa sikuandika ili kumshitaki mtu. Mfereji ule ni wa udongo mtupu, na kutoka kwenye banio mpaka kwetu ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu. Katika likizo moja ya Juni zamu yetu ya maji iliangukia usiku. Baba na mimi tulikaa ukingoni na tochi, tumejifunika makoti, tukiyangoja. Maji yalipofika yalikuwa membamba kama ya mtu anayenawa mikono. Jaruba la kwanza lilipata kulowa. Alfajiri zamu ikaisha, lango likafungwa, na jaruba la pili lilikuwa bado lina nyufa.

Baba hakuwa na shaka: watu wa juu wameiba maji. Kabla hata ya kunywa uji alikwenda kugombana na mzee mmoja mwenye jaruba karibu na banio, mtu ambaye wamesali naye kanisa moja miaka mingi. Maneno yaliyosemwa asubuhi ile sipendi kuyaandika. Mzee yule aliapa kwamba hakufungua lango lake usiku kucha.

Mimi nilifuata mfereji kwa miguu kutoka kwetu kwenda juu, nikitafuta mahali ulipokatwa. Sikuona mahali popote. Lakini nilipofika sehemu moja ambapo mfereji unapita ubavuni mwa kilima, katika udongo wa mchanga na changarawe, niliona jambo. Upande wa chini wa ukingo, majani yalikuwa mabichi kama ya mwezi wa Aprili. Magimbi yalikuwa yameota yenyewe. Nilipokanyaga, mguu ulizama mpaka kwenye kifundo. Hapo ndipo nilipomjua mwizi wetu. Alikuwa ni mfereji wenyewe.

Mpunga wa jaruba la pili ulitoa makapi mengi kuliko punje, na baba aliuza mbuzi ili nirudi shuleni na mahitaji yangu. Hilo lilipita. Lakini yeye na mzee yule mpaka leo husalimiana kwa kutikisa kichwa tu, na jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko mpunga.

Sasa tuliangalie jambo lenyewe kwa elimu tuipatayo darasani. Maji yakisimama juu ya udongo huzama kwa sababu mbili. Uzito wake huyasukuma chini, na udongo mkavu huyanyonya kama kitambaa. Mchanga una nafasi kubwa kati ya punje na punje, kwa hiyo maji hupita upesi. Mfinyanzi una nafasi ndogo mno, kwa hiyo hupita polepole. Kina cha maji kikizidi, msukumo nao huzidi. Mfereji ukiwa mpana kuliko inavyohitajika, sehemu ya udongo inayoguswa na maji huwa kubwa, na uvujaji huongezeka. Mwisho, mambo hutegemea umbali wa maji yaliyomo ardhini. Penye kinamasi, ambapo ukichimba kidogo tu unakuta maji, mfereji hauwezi kuvuja sana, kwa kuwa ardhi imekwisha kushiba.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeandika vitabu vya kuwafundisha wakulima na mabwana shamba, na katika kimoja kuna hesabu ambayo kila mtoto aliyemaliza darasa la saba aweza kuifuata. Tuseme tumetia madebe 100 ya maji kwenye banio. Mfereji mrefu, unaopita mita 2,000, ukiwa katika udongo wa mchanga hufikisha madebe 60. Katika udongo tifutifu hufikisha 70, na katika mfinyanzi 80. Mfereji mfupi, usiofika mita 200, hufikisha 80 katika mchanga, 85 katika tifutifu, na 90 katika mfinyanzi. Mfereji uliosakafiwa hufikisha madebe 95, uwe umepita katika udongo wa namna yoyote.

Tuitazame vizuri hesabu hii, maana ina mafunzo mawili. La kwanza, ukisakafia mfereji mrefu wa mchangani, unatoka madebe 60 na kufika 95. Umeongeza 35, yaani zaidi ya nusu ya yale uliyokuwa ukiyapata. Lakini ukisakafia mfereji mfupi wa mfinyanzi, unatoka 90 na kufika 95. Umeongeza matano tu. Mfuko wa saruji una bei ileile mahali pote pawili. Basi mtu atakayesema, "Tusakafie kila mahali," na mtu atakayesema, "Tusisakafie kabisa," wote wawili hawakupiga hesabu.

Funzo la pili ni hili. Kitabu chasema hesabu hiyo ni ya mifereji inayotunzwa vema. Mfereji ulioachwa uote majani, uliojaa matope na matundu ya panya, waweza kupungukiwa hata nusu ya hapo. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mfereji haiuzwi dukani. Ni jembe, beleshi, na siku ya watu wote kutoka kwenda kusafisha. Chama cha wamwagiliaji kisichoweza kuwatoa wanachama wake kufyeka majani hakitaweza kutunza zege.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa Fizikia, wenzangu watatu na mimi tulichimba vifereji vitatu katika shamba la shule, kila kimoja urefu wa hatua tano. Cha kwanza tulikiacha kama kilivyo. Cha pili tulikikandika udongo wa mfinyanzi tulioukanyaga kwa miguu mpaka ukawa kama unga wa maandazi. Cha tatu tulikisakafia kwa saruji iliyobaki katika matengenezo ya sakafu. Tukaziba ncha zote, tukavijaza maji ya mvua tuliyoyakinga, kina kilekile kwa vyote, tukasimamisha rula katika kila kimoja. Tulipotoka darasani mchana, cha kwanza kilikuwa kitupu. Cha mfinyanzi kilikuwa kimepungua, lakini chura angaliweza kuogelea. Cha saruji kilikuwa karibu kama tulivyokiacha.

Wenzangu wakashangilia saruji. Lakini tukaviacha vikae majuma matatu ya jua, kisha tukavijaza tena. Cha mfinyanzi kilikuwa kimepasuka kama mguu wa mtu asiyepaka mafuta, nacho kikavuja upesi. Cha saruji kilikuwa kimemeguka ukingoni, kwa sababu tulibania saruji tukazidisha mchanga, na maji yalitoka kwenye ufa mmoja mwembamba hata rula ikawa inashuka tunaitazama. Mwalimu akatuambia, "Mmejifunza mambo mawili kwa gharama ya moja." Mfinyanzi hauna budi kufunikwa udongo na kuwekwa unyevu, na zege hafifu ni gharama bila faida.

Wengine hudhani ya kuwa mambo haya ya mifereji yaliletwa na wageni. Si kweli. Huko Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo mabaki ya mashamba na mifereji iliyopangwa kwa mawe, kazi ya watu waliolima pale kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Mahali pale ni pakavu, na wale wazee walijua kwamba tone linalozama njiani halioti mtama. Wachaga wa Kilimanjaro nao wana mifongo yao, mifereji inayoyatoa maji katika vijito vya mlimani na kuyapitisha migombani na kwenye kahawa kwa zamu. Hujenga pia nduwa, vibwawa vya kukusanya maji ya usiku, ili yafunguliwe asubuhi kwa nguvu moja. Nduwa ina akili nyingi. Maji machache yanayotambaa katika mfereji mrefu hunywewa yote na udongo. Maji mengi yanayopita kwa haraka hufika. Laiti tungekuwa na nduwa kwetu, usiku ule nisingekaa na tochi.

Chini ya mlima huohuo kuna mradi wa mpunga wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Mifereji yake ilisakafiwa kwa zege, majaruba yakasawazishwa, na wakulima walipanda mbegu ya IR54, wakavuna mpunga mwingi kupita walivyozoea. Habari njema haifichiki. Watu wa sehemu za juu ya mto walipoona mpunga ule ulivyostawi, nao walilima mpunga na kuyatumia maji ya mto kabla hayajafika kwenye mradi. Hata sehemu kubwa ya majaruba yaliyokusudiwa mpunga ikakosa maji, ingawa mifereji ilikuwa mizuri. Nimelifikiri sana jambo hili. Zege huzuia maji yasipotee, lakini halizai maji, wala halipatanishi watu.

Sasa nitazijibu hoja za wanaopinga, kwa kuwa baadhi yao wana haki.

Hoja ya kwanza ni gharama. Ni kweli, saruji ikifika vijijini huwa ghali, na nondo ni ghali zaidi. Lakini mkoa wetu una mawe mengi ya kuchongeka, na mafundi waashi tunao. Ukuta wa mawe uliojengwa vema kwa saruji hudumu, na kazi ya kukusanya mawe na mchanga ni ya mikono yetu. Mahali ambapo mfinyanzi uko karibu na maji hayakatiki, mfinyanzi ulioshindiliwa watosha. Tena tusisahau faida nyingine za kusakafia. Maji huenda kwa kasi, mfereji huwa mwembamba na kuacha nafasi ya kulima, magugu hupungua, na siku za kusafisha hupungua pia. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji ya polepole yenye majani, na mbu hupenda vidimbwi vya pembeni. Katika mfereji msafi wenye kasi wote wawili hawapati raha.

Hoja ya pili ni kwamba zege hupasuka. Sisi wa Bukoba hatuna haja ya kufundishwa hilo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba nyingi na kuharibu vibaya majengo ya shule za Ihungo na Nyakato. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka kuta. Mfereji uliosakafiwa katika nchi ya matetemeko hauna budi kukaguliwa kila msimu na kuzibwa nyufa mapema. Hatari nyingine iko palepale penye vinamasi vyetu. Mfereji ukiwa mtupu, maji ya ardhini husukuma sakafu kutoka chini na kuinyanyua mpaka ivunjike, isipokuwa fundi ameacha matundu madogo ya kuyapitisha. Kwa hiyo zege katika kinamasi huleta faida ndogo na hasara kubwa. Mahali pake ni ubavuni mwa kilima, penye mchanga.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, nami sikuisoma kitabuni. Niliisikia kwa shangazi yangu.

Shangazi anakaa chini ya sehemu ileile inayovuja. Ana kisima kifupi, hakizidi kimo cha mtu, nacho hakikauki hata mwezi wa Julai. Nyumba kadhaa za jirani huteka hapo. Nilipowaeleza wazee jikoni kwamba nimegundua maji yetu yanakopotelea, nilitazamia kusifiwa. Baba alifurahi. Shangazi alikaa kimya mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unasema yamepotea. Mimi nayateka kila siku. Hayakupotea, yamekuja kwangu."

Sikuwa na jibu. Siku zile nilidhani kwamba maji yanayotoka mfereji na kuingia ardhini yamekwenda bure. Baadaye nilisoma habari za mfereji mkubwa wa Marekani uitwao All-American Canal, unaoyachukua maji ya mto Colorado na kuyapeleka bonde la Imperial huko California, ukipita kandokando ya mpaka wa Meksiko. Kwa miaka mingi ulikuwa wa udongo, na maji yaliyovuja yalipita chini ya mpaka na kujaza visima vya wakulima wa bonde la Mexicali. Marekani walipoamua kuisakafia sehemu ya kilometa 37 hivi, wakulima wa Meksiko walilalamika mpaka mahakamani. Kazi ilikamilika mwaka 2009. Wa upande mmoja wakasema wameokoa maji, wa upande wa pili wakasema wamenyang'anywa. Niliposoma hayo nikamwona shangazi na ndoo yake.

Lakini wala haifai kusema kwamba uvujaji wote ni baraka. Katika bonde la mto Indus, huko Pakistani, mifereji mikubwa ya udongo iliyochimbwa zamani za utawala wa Waingereza ilivuja miaka mingi hata maji ya ardhini yakapanda karibu na uso wa nchi, yakaleta chumvi, na mashamba mengi yakaharibika. Kwa hiyo kila bonde lina kesi yake, na hakimu wake ni kipimo.

Tena iko hatari ya kujidanganya. Mtu akisakafia mfereji na kuokoa maji, kisha akayatumia yote kufungua mashamba mapya, mto haupati kitu. Bonde la Usangu ni ushahidi wa namna yake. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi sehemu zinazopita katika hifadhi ya Ruaha, na sababu kubwa ni maji yanayochukuliwa juu yake kwa ajili ya mashamba. Mpango wa Taifa wa Umwagiliaji wa mwaka 2002 ulihesabu hekta milioni 29.4 zinazoweza kumwagiliwa katika nchi yetu, lakini kati ya hizo ni milioni 2.3 tu zilizohesabiwa kuwa bora kabisa. Nchi tunayo ya kutosha. Kinachotupungukia ni maji na utaratibu.

Basi nashauri nini? Nashauri mambo matano, nayo hayahitaji tungoje mtu kutoka mbali ili tuyaanze.

Kwanza, tusafishe mfereji wote na kuziba matundu, ndipo tuseme maji hayatoshi.

Pili, tupime. Namna ni ileile tuliyoifanya shuleni: funga kipande cha mfereji ncha mbili, kijaze, simamisha kijiti chenye alama, tazama maji yanavyoshuka kwa muda fulani. Rudia kipande kwa kipande. Jambo hili lafaa kufanywa na watu wa juu na watu wa chini pamoja, kusudi kila mmoja aone kwa macho yake na asiwe na wa kumsingizia.

Tatu, tuanze kusakafia pale palipovuja kupita pote, hata kama ni hatua 100 tu. Hatua 100 zilizojengwa vema zafaa kuliko kilometa nzima ya zege la kubania saruji.

Nne, kabla ya jiwe la kwanza, waulizwe wote wanaokaa chini ya mfereji. Mwenye kisima kinachotegemea uvujaji apewe tundu lake rasmi katika mfereji, lenye kipimo, au achimbiwe kisima kirefu kwa fedha za chama. Ziwekwe ngazi za kuteremkia na vivuko vya ng'ombe, maana kingo za zege huteleza, na mtoto akitumbukia hana pa kushika.

Tano, zamu ziandikwe upya siku maji yatakapoongezeka, na wa mwisho wa mfereji asiwe wa mwisho kila siku. Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, iliyoanzisha Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, inavitambua vyama vya wamwagiliaji. Chama chenye daftari la zamu, daftari la michango, na vipimo vyake mkononi kitasikilizwa kikienda kuomba mhandisi kuliko chama kilichokwenda na malalamiko matupu.

Najua mzazi mmoja atasoma haya na kusema kwamba mtoto wa miaka 17 asiye na jaruba lake hana haki ya kuwafundisha wenye majaruba. Huenda ni kweli. Wazee walipochimba mfereji ule kwa majembe, bila kipimo kingine ila macho, mimi sikuwako, nami nawaheshimu kwa kazi ile. Lakini Serikali na wazazi wametusomesha kusudi turudi na kitu mkononi. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu mwaka huu tunamaliza Kidato cha Nne. Tukirudi nyumbani na cheti pekee, tukakaa barazani tukingoja barua, elimu yetu nayo itakuwa kama maji yapoteayo njiani. Twaweza kupima mfereji. Twaweza kuandika daftari la zamu. Twaweza kumsomea bibi hesabu ya madebe 100 kwa lugha anayoielewa.

Kwa upande wangu nimekwisha kuanza. Nilimpigia baba simu kumweleza ya kuwa likizo ijayo nitakuja na rula, kamba, na vijiti vyenye alama, na ya kuwa nataka tupime kipande kile cha mchangani. Halafu nikaomba ruhusa ya jambo jingine: kumwita mzee yule wa karibu na banio aje ashike ncha ya pili ya kamba. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama nimesikia kwamba shangazi naye anataka kuwapo, akilinde kisima chake. Nikasema sijasikia. Akasema, "Basi atakuwapo. Na huyo mzee mwambie wewe mwenyewe, wewe ndiye mwenye kamba."

Nitamwambia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne